Kituo cha utafiti wa saratani Mbeya: fedha zinatoka wapi, na kinakuaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi wa utafiti hapa Mbeya. Maswali haya nimeulizwa ndani ya Coaster za Uyole, misibani, kwenye benchi la kusubiria majibu, na vijana wa chuo wanaotaka kujua kama kazi hii inalipa. Mengine nimeulizwa kwa hasira, na nadhani waliouliza hivyo walikuwa na haki.

Kwani Mbeya tunacho kituo cha utafiti wa saratani?

Viungo vyake tunavyo. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda, inayopokea wagonjwa wa mikoa saba: Mbeya, Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe, Iringa na Ruvuma. Kipo kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambacho tangu miaka ya 1990 kinashirikiana na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, Ujerumani, na ambacho kimefanya majaribio ya chanjo ya VVU, majaribio ya dawa za kifua kikuu, na tafiti za kirusi cha HPV kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Ipo pia ndaki ya sayansi za afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inayosomesha madaktari hapahapa mjini.

Kituo cha saratani cha chuo, popote duniani, ni maelewano ya watu wa aina tatu: anayetibu, anayechunguza na anayefundisha. Hapa wote wanapanda bajaji zilezile. Ninachokipigania mimi ni wawekwe chini ya paa moja la kudumu kwa ajili ya saratani, kazi isiwe inaanza upya kila mradi unapoingia na kufungwa kila mradi unapoisha.

Kwa nini Mbeya, wakati Ocean Road ipo?

Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, ni mama yetu sote. Ilifanywa kuwa taasisi kamili mwaka 1996, na mgonjwa wa kusini anayehitaji mionzi amezoea kuandikiwa rufaa kwenda huko. Lakini kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800 za lami, kupitia Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga na Mikumi. Mama anayetokwa damu akiifanya safari hiyo mara moja, ya pili anaiogopa. Wengi hawarudi kwa miadi, na asiyerudi hatujui alipona au alizikwa. Kwa mtafiti, mgonjwa asiyejulikana mwisho wake ni ukurasa uliochanwa.

Sababu ya pili ni kwamba saratani za huku zina historia yake. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016 hadi 2017 ulikuta Njombe inaongoza nchini kwa asilimia 11.4 ya watu wazima wenye maambukizi, Iringa asilimia 11.3, Mbeya asilimia 9.3. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi mara sita kuliko asiye na VVU. Sasa weka mambo hayo mawili pamoja, halafu uniambie utafiti wa saratani hiyo ungepaswa kufanyika wapi kama si Nyanda za Juu Kusini. Shirika la Utafiti wa Saratani la kimataifa lilikadiria kwamba mwaka 2020 Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000, na kama robo yao walikuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi.

Kuna na jambo la milima. Mwaka 1961 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alichukua wenzake wawili na gari kuukuu wakazunguka hospitali 57 za mashariki na kusini mwa Afrika kwa wiki 10, Tanganyika ikiwemo. Walikuwa wakiuliza swali moja tu: hapa mnawaona watoto wenye uvimbe huu wa taya? Wakagundua kwamba ugonjwa huo unapatikana mabondeni penye joto na unapotea ukipanda kwenye baridi. Ndiyo njia iliyowafikisha watafiti kwenye malaria na kwenye kirusi kilichopewa jina la Epstein na Barr. Anayeijua barabara ya kutoka Kyela kupanda Tukuyu hadi Mbeya anajua kwamba kwa saa chache unatoka kwenye joto la ziwa, unapita kwenye migomba na chai, unafika mahali pa kuvaa sweta. Ni mahali pachache mtafiti anaweza kulinganisha hali tofauti hivyo bila kulala njiani.

Utafiti wa saratani unaanzia wapi hasa? Kwenye mashine?

Unaanzia kwenye kikopo. Hili naomba unisikilize vizuri.

Mgonjwa akishukiwa kuwa na saratani, daktari anakata kinyama kidogo, pengine ukubwa wa punje ya mchele wa Kyela. Kinyama hicho lazima kiingie papo hapo kwenye fomalini ya asilimia 10, na fomalini iwe nyingi, kama mara kumi ya kinyama chenyewe. Ndipo kinaweza kusafiri, kugandishwa ndani ya nta, kukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi na kupakwa rangi, hadi mtaalamu wa patholojia aseme ni saratani au siyo, na kama ndiyo, ni ya aina gani.

Niliwahi kupokea kikopo kutoka hospitali moja ya wilaya. Kilikuwa kimefungwa kwa plasta juu ya mfuniko, kimeandikwa jina kwa kalamu ya wino iliyoanza kufutika. Nilipokifungua nilijua kwa harufu. Fomalini ilikuwa imewaishia, wakaweka maji ya dripu, kikakaa siku tatu njiani. Kinyama kilikuwa kimeoza. Mwenyewe, mama wa makamo kutoka milima ya Rungwe, alikuwa amekaa nje na kanga ameivuta hadi kidevuni. Nilimwambia, "Mama, shikamoo. Naomba utusamehe, itabidi tukate tena." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Kumbe nilikuja bure?" Nauli aliyokuja nayo aliipata kwa kuuza maharage.

Siku hiyohiyo, mita chache kutoka tulipokuwa, friji ya mradi ilikuwa ikinguruma kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, na jenereta lake pembeni. Yenyewe ina bajeti, kikopo hakina. Ukiulizwa shida ya fedha za utafiti wa saratani huku kwetu ni nini, simulia hiyo.

Basi hizo fedha za utafiti zinatoka wapi?

Kwa sehemu kubwa zinatoka nje, kwa njia ya ruzuku za kushindaniwa. Watafiti wanaandika andiko la mradi, linasomwa na wataalamu wasiowajua, machache yanapata na mengi yanakosa. Wafadhili wakubwa wa utafiti wa afya ambao watu wa miradi Tanzania wanawataja kila siku ni Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na ule ushirika wa Ulaya na nchi zinazoendelea wa majaribio ya tiba ulioanzishwa mwaka 2003, ambao uligharimia majaribio ya chanjo ya VVU yaliyofanyika Dar es Salaam na Mbeya.

Ndani ya nchi ipo COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, yenye mfuko wake wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE. Serikali pia inalipa mishahara ya watumishi, jambo ambalo watu hulisahau wanapohesabu, wakati pasipo mshahara wa daktari na mtu wa maabara hakuna andiko la mradi litakaloandikwa.

Mbona miradi ina magari mazuri na wodini kuna wagonjwa wawili kitanda kimoja?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na jibu lake si kwamba kuna mtu amekula. Fedha ya mradi ina masharti. Imeombwa kwa ajili ya kujibu swali fulani, kwa miaka fulani, kwa vitu vilivyoorodheshwa kimoja kimoja. Ukiitoa kununua kitanda, mkaguzi akija unakuwa umeiba hata kama kitanda kipo na mgonjwa amekilalia.

Sehemu pekee yenye nafasi kidogo ni fedha za uendeshaji, zile zinazoongezwa juu ya gharama za mradi kulipia umeme, uhasibu, ulinzi, intaneti na paa linalovuja. Hapo ndipo tunapoumia. Kwa taasisi zilizo nje ya Marekani, Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo zimekuwa zikilipa asilimia 8 tu juu ya gharama za mradi. Vyuo vingi vikubwa vya huko kwao vimekuwa vikipata asilimia 50 na zaidi. Kwa hiyo dola ikitua Boston inajenga chuo, ikitua Mbeya inamaliza mradi na kuondoka. Mimi naona hilo si haki, na nalisema hata mbele ya wageni.

Wenzetu wa Marekani walifanyaje mpaka vituo vyao vikawa vikubwa hivyo?

Waliamua kulipia kikopo. Taasisi yao ya Taifa ya Saratani iliundwa mwaka 1937, na mwaka 1971 Rais Nixon alitia saini sheria iliyoipa nguvu na fedha zaidi. Leo vituo zaidi ya 70, vingi vikiwa ndani ya vyuo vikuu vya mijini, vina hadhi ya kutambuliwa na taasisi hiyo. Chenye hadhi hiyo hupata ruzuku ya kiini ambayo haigharimii utafiti wowote mmoja. Inagharimia vile vinavyotumiwa na wote: maabara ya pamoja, wataalamu wa takwimu, hazina ya sampuli, uongozi. Kila baada ya miaka mitano wanakaguliwa na wenzao, na asiyefanya vizuri anaweza kuikosa.

Juu ya msingi huo ndipo miradi, michango ya matajiri na mapato ya hospitali hupandishwa. Tunaporudi kutoka ziara za huko tunasimulia majengo ya vioo. Natamani tungekuwa tunasimulia ile ruzuku ya kiini.

Afrika Mashariki kuna mfano wa kuigwa?

Upo, na una machungu yake. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza mwaka 1967 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ikitibu ileile saratani ya watoto aliyoieleza Burkitt. Ilitoa matokeo yaliyosomwa dunia nzima kuhusu tiba ya kuchanganya dawa. Kisha akaja Idi Amin, Wamarekani wakaondoka, fedha zikaondoka nao. Kilichobaki ni watu. Daktari Mganda, Charles Olweny, aliishika taasisi katika miaka ile migumu na haikufa.

Baadaye kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle kilikuja kushirikiana nao, na mwaka 2015 wakafungua jengo la pamoja Kampala lenye kliniki, maabara na sehemu ya mafunzo. Mwaka uliofuata bunge la Uganda likaipa taasisi sheria yake. Lakini mwaka huohuo wa 2016 mashine pekee ya mionzi nchini humo iliharibika kabisa, imezeeka, na nchi nzima ikakaa zaidi ya mwaka bila mionzi. Kwa hiyo mtu akinionesha mchoro wa jengo la kituo chetu, namuuliza kwanza bajeti ya matengenezo iko ukurasa gani.

Mwaka 2025 ilitokea nini? Tulisikia miradi imefungwa.

Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kazi nyingi za VVU zikatikisika. Mwezi Mei, Taasisi za Taifa za Afya zikatangaza kusitisha ruzuku mpya za nje zinazopitia kwa chuo cha Kimarekani kama mshirika mkuu, hadi utaratibu mpya upatikane. Vyuo vya huko navyo viliguswa: Februari walitangaziwa kwamba fedha za uendeshaji zishushwe hadi asilimia 15, wakakimbilia mahakamani na amri ikazuiwa.

Sisi wa huku tulijifunza kwa mshtuko kitu ambacho wazee wa Kampala walikijua tangu zamani. Msichana aliyesoma miaka mitatu kuchukua sampuli vizuri, akikaa nyumbani miezi sita bila mkataba, anapata kazi dukani Mwanjelwa na harudi. Friji ikizimwa utaiwasha tena. Huyo utaanza kumfundisha mwingine.

Serikali za Afrika hazikuahidi fedha?

Ziliahidi. Abuja, mwaka 2001, walisema asilimia 15 ya bajeti iende afya. Khartoum, mwaka 2006, wakasema nchi itoe asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Bado tunazidai ahadi hizo, na mwananchi anayekutana na mbunge wake ana haki ya kumkumbusha zote mbili kwa tarehe.

Mnauza damu zetu?

Hapana. Najua maneno ya mumiani yanavyotembea vijijini, na sikucheki ukiniuliza. Mtu akichukuliwa damu chupa tatu bila kuelezwa, ana kila sababu ya kushuku.

Utaratibu ni huu: kabla ya utafiti kuanza lazima kamati ya maadili iupitie, hapa Mbeya na ya kitaifa iliyo chini ya NIMR. Jaribio la dawa linapita pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Unasomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, unauliza unachotaka, unaweza kukataa na matibabu yako hayapungui. Unaweza kutoka katikati bila kutoa sababu. Nakala ya fomu ni yako, ipeleke nyumbani, kaa na mwenzio muisome.

Sampuli kwenda nje zinakwenda pale kipimo hakipo nchini, kwa mkataba wa maandishi na kibali. Ni kweli pia kwamba kila kipimo kinachofanyika nje ni ujuzi na fedha vinavyobaki nje. Hiyo ni sababu ya kujenga uwezo wa maabara hapa, na ni hoja nzuri zaidi kuliko ya mumiani.

Nikishiriki nalipwa?

Unarudishiwa nauli na kufidiwa muda wako kwa kiwango kilichopitishwa na kamati. Mtu akikuahidi zaidi ya hapo, mtilie shaka.

Utafiti wa saratani umewahi kumsaidia nani hapa Tanzania? Nitajie kitu kimoja.

Binti yako. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Wakati huo Mwanza, watafiti wa NIMR na wenzao wa London walikuwa wakifuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wengine wamepewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Wakaona kwamba dozi moja inaamsha kinga inayodumu. Ushahidi huo, pamoja na mwingine wa Kenya na nchi nyingine, ulichangia Shirika la Afya Duniani kukubali dozi moja mwaka 2022. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja na kuwafikia wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Hesabu mwenyewe. Dozi zilezile zilizokuwa zikichanja msichana mmoja sasa zinachanja wawili. Muuguzi hapandi tena kilima cha shule ileile mara ya pili kumtafuta aliyehama. Wasichana wa Mwanza walikubali kuchomwa sindano na kutolewa damu kwa miaka, na dunia nzima imefaidika.

Wafanyabiashara na wakulima wa huku wanaweza kuchangia kituo?

Wanaweza, na sijui kwa nini hatuwaombi. Mtu wa Mbeya anachangia harusi ya mtoto wa jirani kwa kadi na kamati ya vikao sita. Parachichi za Rungwe na Njombe, chai ya Mufindi, mchele wa Mbarali na kahawa ya Mbozi zinaingiza fedha za kweli. Mchango wa namna hiyo hautajenga maabara ya vinasaba. Ila unaweza kuhakikisha fomalini, vikopo na usafiri wa sampuli havikosekani katika hospitali za wilaya za mikoa saba, mwaka baada ya mwaka, na risiti zibandikwe ukutani kila mtu azione. Na ukifanikiwa hapo, mfadhili wa nje anakukuta una rekodi sahihi za wagonjwa na majibu yao, kitu ambacho kila andiko la mradi linauliza.

Kwa nini mnasisitiza rekodi kuliko majengo?

Kwa sababu bila daftari la saratani huwezi kusema wagonjwa wameongezeka au ni sisi tumeanza kuwaona. Mtunza rekodi mmoja anayepitia wodi, maabara na vitabu vya vifo, akahakikisha mtu mmoja hahesabiwi mara mbili, ana thamani kuliko ofisi tatu zenye viyoyozi. Na Mbeya viyoyozi vya nini?

Mimi ni mwanafunzi wa tiba. Nianzie wapi?

Jifunze takwimu mapema, usiikimbie patholojia, na omba kukaa na watu wa maabara mwezi mmoja. Wataalamu wa patholojia ni wachache kiasi kwamba ukiwa mzuri kanda nzima itakujua kwa jina.

Mama yangu ana miaka 52, anatokwa damu na alishakoma hedhi. Nisubiri kituo kijengwe?

Usisubiri hata wiki. Damu baada ya kukoma hedhi ni ya kuchunguzwa sasa. Kipimo cha siki, cha kukagua mlango wa kizazi, kinafanyika katika vituo vingi vya afya na hospitali za wilaya, ni cha dakika chache. Kimewekwa zaidi kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50 wasio na dalili, na wanaoishi na VVU huanza mapema zaidi. Mwenye dalili kama mama yako anahitaji daktari amtazame, na huenda akakatwa kinyama.

Akikatwa, kuwa naye. Kabla hamjaondoka omba kwa heshima uone kikopo. Kinyama kizame chote ndani ya maji hayo, na uulize kama maji hayo ni fomalini. Jina lake, umri, tarehe na sehemu kilipotolewa viandikwe kwenye kikopo chenyewe, si kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana. Namba ya simu iandikwe kwenye fomu, yako na ya jirani anayeshika mtandao. Uliza kinakwenda maabara gani na kwa usafiri wa siku gani. Iandike siku hiyo.